Sanaa na Sayansi Mlimani: Yaliyotendeka na Yanayokuja

Kila mwaka, wakati wa kuchagua masomo unapokaribia, maswali mawili huletwa kwetu walimu. Wanafunzi huuliza, "Mwalimu, huko Chuo Kikuu watu hufanya kazi gani hasa?" Wazazi nao huuliza mtoto akichagua historia au Kiswahili atapata faida gani, maana wamesikia kwamba sayansi ni ya wenye akili na sanaa ni ya waliobaki. Nimeona ni afadhali niyajibu yote mawili kwa pamoja katika gazeti letu la muhula huu. Nitatumia mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho watu wengi hukiita Mlimani.

Kwanza historia kwa ufupi. Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, tena hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Somo lilikuwa moja tu, yaani sheria, na wanafunzi hawakufika 20. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere ya Uganda na chuo cha Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, magharibi ya mji, na mwaka huo huo kitivo cha sanaa na sayansi za jamii kikaanza. Kitivo cha sayansi kikafuata mwaka 1965. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa. Wazazi wanaoikumbuka noti ya shilingi 500 wamekwisha kuliona jengo moja la huko bila kupanda gari: picha iliyokuwa nyuma ya noti ile ni Ukumbi wa Nkrumah.

Siku hizi masomo ya Mlimani yamegawanywa katika ndaki. Ndaki ni kama ukoo ndani ya kabila: ina idara zake, walimu wake na wanafunzi wake, lakini jina la chuo ni moja. Iko ndaki ya insia, ambayo hushughulika na historia, fasihi, falsafa na sanaa. Iko ndaki ya sayansi za jamii. Tena iko ndaki ya sayansi asilia na tumizi, yenye fizikia, kemia, hisabati, na elimu ya mimea na ya wanyama. Kiswahili kina taasisi yake. Mtu asiyejua hufikiri kwamba koo hizi hazisemezani. Nitaeleza kazi tatu zilizofanyika huko, na msomaji ataona mwenyewe kwamba zote zilianza kwa njia moja.

Kazi ya kwanza ni ya sayansi. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwako mwanafunzi wa kidato cha tatu jina lake Erasto Mpemba. Wavulana wa shule ile walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, kisha wakayatia katika friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo, na kila mtu aliigombania. Siku moja Mpemba aliona kwamba akingoja maziwa yake yapoe atakosa nafasi, basi akayatia yakiwa moto. Mwenzake alikuwa ametia maziwa yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado ni uji.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Wala jibu hilo halikuwa la ajabu. Maji ya nyuzi 100 hayana budi kupita katika nyuzi 35 kabla ya kufika nyuzi 0. Basi yatawezaje kuyatangulia yale yaliyoanzia nyuzi 35? Ni sawa na mtu aliyetoka Moshi kumtangulia aliyetoka Korogwe kufika Tanga, nao wanapita njia moja. Lakini baadaye Mpemba alisikia kwa rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga kwamba yeye hutia maji ya moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Watu wa kazi walilijua jambo hilo, ila vitabu vya darasani havikulisema.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, na tena akachekwa. Wenzake wakafanya utani: kila alipokosea hesabu waliiita hesabu ya Mpemba. Yeye akaingia maabara, akatwaa bika mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji ya bomba, akajaribu mwenyewe. Kisha siku moja shule ilitembelewa na Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam. Aliporuhusu maswali, Mpemba akasimama na kuuliza lile lile. Wanafunzi wengine waliona amewaaibisha mbele ya mgeni.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Dk. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini hakumcheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudisha habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sawa! Walirudia kweli, na jibu likawa lile lile. Walitia sentimita za ujazo 70 za maji katika kila bika, wakaziweka juu ya kipande cha povu ili baridi isipite chini. Maji yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanzia nyuzi 25. Yale ya nyuzi 90 hivi yaliwahi sana. Waliona pia kwamba joto jingi lilitokea juu, usoni pa maji. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika gazeti la Uingereza liitwalo Physics Education. Tangu hapo jambo lile linaitwa Athari ya Mpemba ulimwenguni kote.

Je, sababu yake imepatikana? Zimetajwa nyingi. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke, basi yanayobaki kuganda ni machache. Wengine husema maji ya moto huzunguka ndani ya chombo na kuuweka uso wake katika joto, nao hutoa joto haraka. Wengine husema chombo cha moto huyeyusha umande wa barafu chini yake, kikashikana vizuri na ubaridi. Tena yako maji yanayoweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, na hayo huvuruga hesabu. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo yaliyo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Burridge na Linden, walipima wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba hata kukisogeza kipimajoto kidogo tu hubadili jibu. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada walionyesha jambo la namna hiyo kwa punje ndogo mno ya kioo. Ubishi haujaisha. Swali la mvulana aliyegombania nafasi katika friji limewapa kazi wataalamu kwa zaidi ya nusu karne.

Kazi ya pili ni ya sanaa, nayo ni ya miaka ile ile. Habari nyingi za Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 zilizokuwa vitabuni zilitokana na maandishi ya watawala wa Kijerumani. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo iliwatuma wanafunzi wake waende wilaya zilizopigana, wakawaulize wazee. Walikuwako bado watu walioviona vita vile kwa macho yao, na wengine waliosimuliwa na baba zao. Wanafunzi walikaa, wakasikiliza, wakaandika, na maandishi yao yakakusanywa pamoja chuoni. Fikirini, wenzangu: kama wangechelewa miaka 20, wangekuta makaburi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, aliyesoma Mlimani, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile juu ya vita hivyo hivyo, nayo inasomwa mashuleni hata leo. Basi anayesema historia ni kukariri tarehe tu hajui kazi iliyofanywa na vijana wale.

Kazi ya tatu inaunganisha pande zote mbili. Mwaka 1964 kazi ya iliyokuwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, iliingizwa katika chuo cha Dar es Salaam. Kutoka hapo ikatokea Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo imeendelea kutengenezwa upya na kupigwa chapa tena. Lakini wengi hawajui kwamba taasisi hiyo ilitoa pia, mwaka 1990, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya namna hiyo huwezi kuifanya ukijua lugha bila sayansi, wala sayansi bila lugha. Kwa hiyo mzazi akiniuliza lipi ni bora kati ya hayo mawili, mimi humwonyesha kamusi ile.

Sasa niseme juu ya yanayokuja, ili anayeweza ajiandae. Mwaka wa masomo Mlimani kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba au Novemba. Mahafali makuu huwa katika miezi ya mwisho wa mwaka, na wazazi hualikwa kuona watoto wao wakitunukiwa shahada. Katikati ya mwaka iko Wiki ya Utafiti na Ubunifu, ambapo ndaki huonyesha kazi zao mezani: mashine, dawa za mimea, vitabu, ramani na kadhalika. Hiyo ndiyo ninayoiona inawafaa zaidi wanafunzi wa sekondari, kwa sababu mwenye kazi husimama mbele ya kazi yake, na mgeni ana ruhusa ya kuuliza. Tangu mwaka 2009 pia limekuwapo Tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Mhadhara wa kwanza wa Kigoda ulitolewa na Wole Soyinka wa Nigeria. Tena tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Siku hiyo kila shule inaweza kuiadhimisha mahali ilipo. Tarehe za mambo mengine hubadilika mwaka hadi mwaka na hutangazwa na chuo chenyewe. Nashauri shule yetu izifuatilie mapema, tukatafuta gari mapema.

Wala walio mbali na Dar es Salaam wasikate tamaa. Mwaka 2005 Shule ya Mkwawa, ile ile alikochekwa Mpemba, ilifanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafundishwa huko walimu wa sanaa na walimu wa sayansi. Maana yake ni kwamba katika uwanja ule ule ambapo swali lilizomewa, leo wanaandaliwa watu watakaoulizwa maswali na watoto wa nchi nzima.

Mkitazama kazi hizo tatu mtaona kwamba hakuna iliyoanzia kilimani. Ya kwanza ilitoka kwa mtoto wa shule na wauza aiskrimu. Ya pili ilitoka vinywani mwa wazee wa vijijini. Ya tatu ilitoka katika maneno ya watu wote. Chuo kilikuwa na kazi ya kusikiliza, kupima na kuandika.

Basi nawaomba wazazi: mtoto akipenda lugha au historia, msimvunje moyo, akipenda fizikia, msimnunulie majivuno pamoja na vitabu. Walimu wenzangu, darasa linapomcheka mwenye kuuliza, sisi tusicheke pamoja nalo. Tumpe bika mbili akajaribu, au tumpeleke kwa mzee anayejua. Na ninyi wanafunzi, kila mmoja awe na daftari dogo la maswali yake, si ya mtihani, ila yale anayoyaona jikoni, shambani, sokoni na bwenini. Siku tutakapokwenda Mlimani, nitataka kuliona daftari hilo kabla hatujapanda gari.