Lokesheni Yako Ni Gani? Kuna Ya WhatsApp, Na Kuna Ya Chifu

Ukiwa Nai na msee wa nduthi akuambie "nitumie lokesheni," unafungua WhatsApp, unadondosha pini, anakam. Hapo lokesheni ni pahali uko saa hiyo. Ukisonga, nayo imesonga.

Sasa enda ushago Nyamira, uingie kwa ofisi ya chifu na fomu ya basari. Swali ni lile lile: "Lokesheni yako ni gani?" Ukijibu "niko hapo karibu na steji," mzee atakuangalia tu. Yeye anauliza eneo lenye mipaka, lenye chifu wake, na ndani yake sub-lokesheni zenye manaibu wa chifu. Kama bado uko na kipande cha zamani, kigeuze. Nyuma kuna distrikti, divisheni, lokesheni, sub-lokesheni. Hiyo haisongi hata ukilala Roysambu miaka kumi.

Neno tuliachiwa na mkoloni. Alikata watu kwa lokesheni, kila moja akaiwekea chifu, na sheria ya machifu ya 1937 ikawapa nguvu. Hata Pumwani ilianza kama lokesheni ya Waafrika, yaani pahali uliruhusiwa kukaa Nairobi. Si jina la mapenzi.

Na usichanganye na wadi. Wadi ni ya MCA, Nyamira ziko 20, na MCA unampigia kura. Chifu humpigii kura, ameandikwa na serikali kuu.

Venye hii stori inauma, utaionea Keroka. Tao ni moja, kwa barabara ya Kisii kuenda Sotik, lakini upande mmoja ni kaunti ya Kisii na mwingine ni Nyamira. Hizo kaunti zimevutana sana juu ya nani akusanye ushuru hapo. Pini yako itasoma "Keroka" basi. Fomu ya basari ya kaunti inataka zaidi: uko Masaba Kaskazini, ambayo ni Nyamira, ama Masaba Kusini, ambayo ni Kisii? Majirani wananunua sukari duka moja na wanapiga laini kwa machifu tofauti. Ukipanga laini ya wenyewe siku ya mwisho ya kurudisha fomu, hiyo doh ya karo imekupita.

So kabla hujapanda mat, pigia mathe. Muulize majina mawili, lokesheni na sub-lokesheni, uyaandike kwa simu. Kama kwenu ni Keroka, muulize pia ni upande gani.