Mkoba Mdogo, Mikono Iliyozoea: Huduma ya Kwanza Mbali na Hospitali

Mrina asali aliyeingia porini, mchungaji aliyefuata malisho na mpagazi wa Mlima Kilimanjaro wana jambo moja la pamoja: wakipatwa na ajali, msaada wa kitaalamu huweza kuwafikia baada ya saa nyingi, pengine siku. Katika muda huo uhai wao hutegemea vitu viwili, yaani walichobeba na wanachojua kukitenda. Makala haya yanafafanua kwa nini cha pili kina uzito zaidi, na jinsi ya kuviandaa vyote viwili.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Juliane Koepcke. Tarehe 24 Desemba 1971, ndege aliyosafiria ilivunjika angani juu ya msitu wa Amazon nchini Peru. Kati ya watu 92 waliokuwamo, ni yeye peke yake, msichana wa miaka 17, aliyetoka msituni akiwa hai. Alikuwa amevunjika mtulinga na kujeruhiwa mkono, na chakula alichopata ni mfuko wa peremende tu. Hata hivyo, wazazi wake walikuwa wanabiolojia, naye alikuwa ameishi nao katika kituo chao cha utafiti humo msituni. Alijua kwamba kijito huelekea mtoni, na mto huelekea kwenye makazi ya watu. Aliyafuata maji kwa siku kadhaa hadi akafikia kibanda cha wakata miti, ambao walimwokoa. Bahati ilikuwapo, lakini bahati pekee isingemwonyesha njia.

Mkoba mkubwa una udhaifu wake. Kwanza, ni mzito, hivyo huachwa kambini siku unapohitajika. Pili, mwenye nao mara nyingi hajui kilichomo. Tatu, hofu inapomshika mtu, mikono hutetemeka na fikra husinyaa. Yanayobaki ni yale ambayo mwili umeyazoea. Kwa sababu hiyo inafaa kubeba vitu vichache ambavyo kila kimoja kina kazi zaidi ya moja: bendeji mbili pana, shashi safi, glovu, kisu, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, filimbi, tochi ndogo, turubai jepesi, vidonge vya kutibu maji na pakiti mbili za ORS. Kanga au shuka hutosha kuninginizia mkono uliovunjika, kufungia gango, kubebea mgonjwa na kumkinga na baridi. Mgonjwa wa pumu, kisukari au kifafa aongeze dawa zake mwenyewe, na wenzake waelezwe zilipo na namna ya kumsaidia.

Kuna stadi nne zinazopaswa kutangulia safari.

Ya kwanza ni kuzuia damu. Jeraha hukandamizwa moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia, kwa muda usiopungua dakika 10. Iwapo damu ya mkono au mguu inaruka na haizuiliki, mshipi mpana hufungwa juu ya jeraha, pasipo kukalia kiungo, ukakazwa kwa kijiti mpaka damu ikome. Saa ya kufunga iandikwe, na mshipi usilegezwe njiani.

Ya pili ni kumhudumia aliyeumwa na nyoka. Pete na bangili zivuliwe mapema, kiungo kitulizwe kwa gango, na mgonjwa abebwe badala ya kutembea hadi hospitali. Asichanjwe, asifyonzwe sumu, wala asiwekewe jiwe la nyoka. Mshipi ule uliomwokoa mwenye kuvuja damu haufai hapa, kwani unaweza kusababisha kiungo kuoza. Kifaa ni kilekile. Ujuzi ndio unaotenganisha tiba na madhara.

Ya tatu ni kuitambua baridi na athari za mwinuko. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, mtu hutetemeka, huchanganyikiwa, na baadaye huweza kuacha kutetemeka. Hiyo ni dalili mbaya, si nafuu. Avuliwe nguo zilizolowa, akingwe na upepo, na atandikiwe kitu chini, kwa maana ardhi hunyonya joto. Kilimanjaro ina kimo cha mita 5,895. Mpandaji anayeumwa kichwa na kutapika asiendelee kupanda. Akipepesuka kama mlevi, au akihema akiwa amepumzika, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Ya nne ni maji. Maji yachemke kwa dakika 1. Juu ya mita 2,000 yachemke kwa dakika 3, kwa kuwa huko huchemka kwenye joto la chini zaidi. Pakiti za ORS zikiisha, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huchanganywa katika lita 1 ya maji salama.

Stadi hizi hazidumu kwa kusomwa. Tafiti za mafunzo ya kuuhuisha moyo uliosimama zimeonyesha kwamba uwezo wa waliofunzwa hupungua ndani ya miezi 3 hadi 6. Basi kila baada ya miezi mitatu mkoba ufunguliwe, dawa zilizopitwa na muda ziondolewe, na mazoezi yafanyike: kufunga mshipi gizani, kufunga gango kwa shuka, kuwasha moto wakati kuni zina unyevu. Wahudumu wa afya wanaweza kuyaongoza mazoezi hayo kwenye zahanati na mikutano ya vijiji, hasa kabla ya majira ya kurina asali au kuhamisha mifugo.

Jambo la mwisho halina uzito wowote mkobani. Kabla ya kuondoka, msafiri amweleze mtu njia atakayopita na siku ya kurudi. Akipotea na watu wanajua njia yake, kwa kawaida ni salama zaidi kubaki alipo na kupuliza filimbi mara tatu tatu. Huduma ya kwanza haichukui nafasi ya hospitali. Humfikisha mgonjwa huko akiwa hai.