Shoga wa Bungu, kisu si cha kila kitambi!

Siku hizi ndani ya basi la Bungu kwenda Mbagala stori ni moja: "Shoga, twende Mloganzila tukapunguzwe!" Ngoja kwanza, dada.

Kweli, Mloganzila walianza kuweka puto mwaka 2022. Linapitishwa mdomoni hadi tumboni, linajazwa maji, unashiba upesi. Baada ya miezi 6 au 12 linatolewa. Hapo hakuna kisu.

Operesheni ni habari nyingine. Mfuko wa chakula unakatwa kama asilimia 80, na kilichokatwa hakirudi. Wengine huunganishiwa utumbo mdogo ili chakula kipite njia ya mkato.

Sasa piga hesabu. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita, halafu gawa tena kwa urefu huohuo. Mwenye mita 1.65 na kilo 75 anapata 27 na ushee. Kisu hakimhusu, aache soda na chapati za stendi. Mwenye kilo 110 anapata 40, huyo akamwone daktari. Wataalamu huanzia 35, au 30 ukiwa na kisukari.

Ukishakatwa, vidonge vya vitamini ni vya maisha, na mimba isubiri angalau mwaka. Bi harusi wa juzi, ongea na bwana kwanza!