JPEG au PNG: Picha Yako Inataka Faili Gani?

Picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12. Kila pikseli ikitumia baiti tatu, yaani moja kwa nyekundu, moja kwa kijani na moja kwa bluu, jumla ni megabaiti 36. Mbona basi faili iliyomo kwenye simu yako ni megabaiti chache tu?

Kama ni JPEG, sehemu ya taarifa imetupwa. Kiwango hiki cha mwaka 1992 huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza yale ambayo jicho haliyaoni sana, hasa tofauti ndogondogo za rangi. Kwenye sura ya mtu au mawingu, hutambui kilichopotea. Kwenye maandishi utakiona: herufi huzungukwa na vidoadoa. Na kila unapoihariri na kuihifadhi upya, hasara huweza kuongezeka.

PNG hubana bila kutupa chochote. Ilibuniwa miaka ya 1990, baada ya kampuni ya Unisys kudai malipo kwa hataza ya mbinu iliyotumika ndani ya GIF. GIF, ya tangu 1987, huishia rangi 256. Imedumu kwa sababu ya vijipicha vinavyocheza. PNG hubeba mamilioni ya rangi, na sehemu ya picha inaweza kuachwa wazi, hivyo nembo hukaa juu ya rangi yoyote bila kisanduku cheupe kuizunguka. Inafaa pia kwa picha za skrini. Ila picha ya kamera ikihifadhiwa hivyo, faili huwa nzito mno.

WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, inaweza kubana kwa njia zote mbili, na tovuti nyingi huitumia.

Wengi hudhani kuigeuza JPEG kuwa PNG kutairudishia ubora. Hapana: kilichotupwa hakirudi, faili inanenepa bure. Kwa hiyo tunza faili ya kwanza kama ilivyotoka kwenye kamera, na ukitaka kuipunguza, punguza nakala. Kwa nembo, mdai mbunifu wako faili ya SVG. Hiyo huhifadhi maumbo kwa hesabu badala ya pikseli, kwa hiyo nembo ileile hutoka safi kwenye kadi ya biashara na kwenye bango la barabarani.