Wekundu wa mawese hautoki kwenye poda



Mawese yakichemshwa kupita kiasi ao yakikaa sana juani, wekundu unapauka. Mnunuzi anachungulia bidoni, anashusha bei. Hapo mtu anajaribiwa kutia poda nyekundu kidogo tu. Tuone basi ile poda inatoka wapi.

Mama yake ni anilini: maji mazito kama mafuta, yanayotengenezwa na benzeni ya petroli. Ni sumu. Inapita katika ngozi na kuzuia damu isibebe hewa vizuri. Midomo inageuka bluu. Lakini viwanda vinaihitaji. Sehemu kubwa inatumika kufanya povu, kama lile la frigo. Nyingine inaingia katika dawa za kukomaza mpira wa matairi, na katika rangi ya bluu ya jeans.

Mwaka 1856, huko London, kijana William Perkin alikuwa anatafuta kutengeneza kinini, ile dawa ya malaria tunayoipata katika maganda ya kinkina. Alitumia anilini, akakosa kinini, akapata rangi ya zambarau. Tangu hapo rangi za viwanda zimekuwa nyingi.

Katika jamaa hiyo mna Sudan I, inayotoka kwa anilini yenyewe, na Sudan IV, inayotoka kwa ndugu yake toluidini. Zinayeyuka katika mafuta. Kwa hiyo zilifaa kwa vernisi na polishi ya viatu, na katika laboratwari wanatumia Sudan IV ili mafuta yaonekane kwa mikroskopu. Si za chungu cha kupikia. Tumboni Sudan I inavunjika na kurudi kuwa anilini. Katika panya wa majaribio ilileta vivimbe vya maini. Toluidini nayo inajulikana kuleta kansa ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda.

Mwaka 2015, wakubwa wa usalama wa chakula wa Ghana walitangaza kwamba wamekuta Sudan IV katika mawese ya masoko ya Accra. Hata wauzaji waaminifu walikosa wateja. Ulaya nayo, mwaka 2005, ilidai mawese yaje na karatasi ya laboratwari. Jicho haliwezi kuitambua poda, laboratwari inaweza.

Wekundu wa kweli unatoka katika ngazi yenyewe, katika karotini, ambayo inajenga vitamini A ya watoto wetu. Tuulinde hivi:

– Tukate mikungu iliyoiva, tukamue mapema.
– Tusichemshe kupita kiasi. Maji yakiisha, tuepue.
– Bidoni ziwe safi, zifungwe, zikae kivulini. Ile iliyobeba rangi ao dawa ya shamba, hapana kabisa.
– Tuandike jina la mwenye mafuta kwenye kila bidoni mbele ya kumimina katika pipa la wote.

Hiyo ya mwisho tusiipuuze. Bidoni moja yenye poda inaharibu pipa zima, na jina la koperativi linaondoka pamoja nalo.