KOMPYUTA IKIKATAA PROGRAMU, USIKIMBILIE KUFUTA DISKI



Wengi wetu tuliingia Burundi kwa mtumbwi, tukashukia Rumonge. Wako waliovuka Januari 2018, maelfu ya watu walipokimbia mapigano ya Kivu ya Kusini, na wako waliokuja Desemba 2025, vita vilipofika Uvira. Kila aliyevuka ziwa anajua kitu kinachoharibiwa upesi na maji: karatasi. Diploma, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya ndoa. Ndiyo maana vikundi vingi siku hizi vinatunza picha za karatasi hizo ndani ya kompyuta ya kikundi. Ni jambo jema. Lakini hasara kubwa tuliyoipata sisi haikuletwa na mashine. Ilitoka mikononi mwetu.

YALIYOTUPATA

Kikundi cha vijana ninachokihudumia kilinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Dada mmoja aliweka humo picha ya diploma yake ya serikali. Diploma yenyewe ililowa mtumbwini, na baadaye ikachanika vipande vipande.

Siku moja tulitaka kuweka programu ya kuandikia barua, tukitumia intaneti ya simu. Ikakataa. Tulijaribu mara tatu, na kila mara kioo kilionyesha maneno ya Kiingereza. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuliyafunga bila kuyasoma. Mtu mmoja akasema, "Mashine imechoka, tuifomati." Mimi ndiye niliyekubali.

Kufomati ni kufuta diski yote. Tuliweka Windows upya, na ile programu ikakataa vilevile. Kesho yake fundi mwingine akasoma yale maneno: tarehe ya kompyuta haikuwa sahihi. Mashine ilidhani tuko mwaka 2009, kwa sababu betri ndogo iliyo ndani yake ilikuwa imekufa. Betri tulibadilisha, programu ikaingia. Picha ya diploma haikurudi. Dada yetu hakunilaumu mbele ya watu, lakini ninaandika haya kwa sababu yake.

MAMBO MATATU YA KUANZA NAYO

1. Okoa mafaili kwanza. Nakili mafaili ya watu kwenye flashi, kisha fungua machache kutoka kwenye flashi hiyo uone kama yanafunguka. Ikiwezekana, weka nakala mahali pawili.

2. Andika ujumbe. Maneno yanayotokea kwenye kioo, pamoja na namba zake, yaandike kwenye karatasi kama yalivyo, hata kama huyaelewi. Au yapige picha kwa simu. Atakuwepo wa kukusomea.

3. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mvuvi wetu wa ndagala akikosa samaki usiku mmoja hapasui mtumbwi. Anatazama taa, anatazama wavu, anatazama kama mwezi ni mkubwa. Ukibadilisha mambo matano pamoja, hata ukifaulu hutajua dawa ilikuwa ipi.

SABABU ZINAZOONEKANA MARA KWA MARA

Tarehe. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila umeme hupoteza saa betri yake ikiisha. Tarehe ikiwa ya zamani, mashine huona kurasa salama za intaneti kama za uongo, na programu inayovutwa kutoka huko hukwama. Tazama tarehe pembeni chini, kulia. Rekebisha siku, mwezi na mwaka, kisha ujaribu tena. Ikipotea kila ukizima, badilisha betri. Kwenye mashine nyingi za mezani ni ile ya mviringo kama sarafu, iliyoandikwa CR2032. Chomoa kwanza waya wa umeme, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa vitu vya ndani, na uangalie betri ya zamani ilikaa upande gani.

Kibodi. Huku kwetu kibodi nyingi ni za Kifaransa, ambapo herufi za juu huanza na A na Z. Windows ikiwekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, ukibonyeza A inatoka Q, ukibonyeza Z inatoka W, na M inageuka alama nyingine. Kwa hiyo neno la siri la msimamizi linakataliwa ingawa umeliandika vizuri, na bila neno hilo programu nyingi haziwekwi. Fungua ukurasa mtupu, andika neno fulani, uone herufi zinazotoka. Kama si zile ulizobonyeza, badilisha lugha ya kibodi. Hakuna haja ya kufuta kitu.

Faili lisilotimia. Intaneti ya simu ikikatika, faili la programu hubaki nusu. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye ukurasa ulikolichukua. Jihadhari pia na mafaili madogo ya kuanzia: hayo huvuta programu yenyewe baadaye na kumaliza data yako. Mahali penye intaneti nzuri, chukua faili kamili linalofanya kazi bila intaneti, ulilete kwa flashi.

Biti 32 na biti 64. Windows ya biti 32 haiwezi kuendesha programu ya biti 64. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha Pause, utaona aina ya mfumo na kiasi cha kumbukumbu. Yaandike hayo kabla ya kwenda kutafuta programu.

Nafasi. Diski iliyojaa haipokei kitu. Hamisha video na muziki, kisha mwaga pipa la taka la kompyuta. Usiguse mafaili ya Windows yenyewe.

Umeme. Ukikatika katikati ya kazi, programu huharibika, na kama ni Windows yenyewe mashine inaweza kukataa kuwaka. Umeme ukiwa wa jenereta au wa jua, uliza utazimwa saa ngapi kabla hujaanza.

Programu za wizi. Faili likikuomba uzime ulinzi wa virusi ili liingie, liache. Kwa kuandika barua na hesabu, LibreOffice ni ya bure kabisa na inafungua mafaili ya Word.

MNAPONUNUA MASHINE

Muuzaji akiahidi kuweka Windows 11 kwenye kompyuta ya zamani, ulizeni vizuri. Windows 11 inataka kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, nafasi ya diski ya GB 64 au zaidi, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Windows 10 bado inafanya kazi, lakini ulinzi wake wa kawaida wa bure ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ulinzi wa Windows 7 ulikwisha Januari 2020. Linux ni ya bure na inakubali mashine nyingi za zamani, ila inahitaji mtu wa kuwafundisha siku za mwanzo.

NA KUFOMATI JE?

Kuna siku ambapo kufomati ndiyo dawa, kwa mfano virusi vikishika mashine nzima. Lakini liwe jambo la mwisho, na lisiamuliwe na mtu mmoja. Kikundi chetu sasa kina sheria: diski haifutwi mpaka kila mwenye karatasi zake humo aitwe, aone nakala kwa macho yake, na aseme ndiyo. Tunaomba vikundi vingine vifanye hivyo.

Mwenye tatizo amwendee mfanyakazi wa jamii wa mtaa wake, akiwa na ile karatasi ya ujumbe. Si lazima kubeba kompyuta. Na wewe mwenye karatasi ndani ya kompyuta ya kikundi, usingoje mashine igome. Nenda wiki hii uombe nakala yako.