Wadhamini wa Mali ya Maskini mjini Stratford

Stratford-upon-Avon, mji mdogo wa katikati ya Uingereza, ulikua kutokana na gulio. Mwaka 1196 Mfalme Richard wa Kwanza aliruhusu soko la kila wiki lifanyike hapo, karibu na kivuko cha mto Avon. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaujua kama mji alikozaliwa Shakespeare, ambaye tamthilia zake mbili zilitafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Lakini mji huo una desturi iliyomtangulia Shakespeare: wenyeji wachache hukabidhiwa mali ya maskini, wakaisimamia bila ujira. Hao huitwa wadhamini.

Kazi hiyo ilianzia katika Chama cha Msalaba Mtakatifu, kilichokuwapo tangu karne ya 13. Wanachama, wake kwa waume, walitoa kiingilio, wakala karamu pamoja, wakawaombea marehemu wao na kuwainua wenzao waliofilisika. Mwanzoni mwa karne ya 15 chama kilijenga safu ndefu ya nyumba za wazee maskini katika mtaa wa Church Street, ubavuni mwa kanisa lake dogo. Mwaka 1547 serikali ilivunja vyama vya namna hii nchi nzima na kutwaa mali zao. Miaka sita baadaye, kwa hati ya Mfalme Edward wa Sita, sehemu ya mali hiyo ilirudishwa mjini, safari hii mikononi mwa baraza la mji, ili liendeshe shule na kuwatunza wazee 24. Safu ile ya nyumba za mbao na lipu ingali imesimama, na wazee wanaishi humo hadi leo.

Matajiri wa mji waliongeza chao. Hugh Clopton, mfanyabiashara aliyepata kuwa meya wa London, alijenga daraja la mawe ambalo magari bado yanalipita. Shakespeare mwenyewe, katika wosia wake wa 1616, aliwaachia maskini wa Stratford pauni 10. Ni vema kukumbuka kwamba mwaka 1598, wakati nafaka ilipoadimika, jina lake lilikuwa katika orodha ya watu wa mji waliokuwa na akiba kubwa ya kimea.

Zawadi za kudumu zaidi zilikuwa za ardhi na nyumba. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua hapa kitu kinachofanana na wakfu: mali yenyewe haiuzwi ovyo, bali kodi yake ndiyo hununua mkate, makaa au nguo kwa wahitaji. Mdhamini hamiliki chochote katika hayo. Hata huruma yake ina mipaka, kwa kuwa fedha zilizoachwa kwa ajili ya wajane hawezi kumpa kijana, hata akimwona ana shida kubwa.

Si wote walioheshimu mpaka huo. Tume iliyofanya kazi kati ya 1818 na 1837 ilizunguka nchi ikipekua hesabu za hisani, yaani mali za namna hii, na ikakuta mashamba yaliyokodishwa kwa bei ya kutupa na mifuko iliyosahauliwa. Mabaraza ya miji yalilaumiwa sana. Sheria ya mwaka 1835 iliyanyang'anya usimamizi wa hisani, ukapewa wadhamini wa pekee, na ndiyo maana miji mingi ya Uingereza ina hisani zinazoitwa za manispaa ilhali si mali ya manispaa. Mwaka 1853 ikaundwa Tume ya Hisani, ambayo hadi leo hupokea hesabu za wadhamini.

Tatizo jingine ni wosia uliopitwa na wakati. Thomas Betton wa London, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 18, aliacha fedha za kuwakomboa Waingereza waliotekwa utumwani Afrika Kaskazini. Mateka walipokwisha, mahakama ililazimika kuamua fedha ziende wapi, na kanuni inayotumika ni kutafuta kusudi lililo karibu zaidi na nia ya mtoaji.

Kazi ya kila siku haina makuu. Wadhamini hukutana, husoma maombi, hupima shida ya mwombaji, na hubishana juu ya paa. Jengo la kale haliruhusiwi kubadilishwa bila kibali, wakati mzee wa leo anahitaji bafu lisiloteleza na chumba chenye joto. Anayeishi humo kisheria si mpangaji: hulipa mchango wa matunzo, siyo kodi. Mdhamini ambaye ndugu yake ameomba nyumba hutakiwa kulitaja jambo hilo na kukaa kando wakati wa uamuzi. Katika mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzake, sharti hili hutumika mara nyingi kuliko anavyodhani mgeni.